Kipande cha Chini cha Picha

Bi. Zuhura alizikwa mwezi uliopita. Wanaume walikwenda makaburini, nasi wanawake tukabaki kwenye chumba chake mtaa wa Gerezani, tumebanana mkekani, feni ikizunguka bila kuleta upepo. Ukutani, juu ya kitanda, kulikuwa na picha nne kwenye fremu: mchanga wa rangi ya tangawizi, vilima virefu, mbingu ambayo jua ndio kwanza linaichungulia. "Hii itakuwa njia ya kwenda Makka," alisema mama mmoja niliyekaa naye bega kwa bega. Mwenzake akaitikia, "Mwanawe si aliwahi kukaa huko Uarabuni? Tazama palivyotulia, jamani." Nikapuliza kahawa yangu. Hapakuwa Makka wala Uarabuni. Picha zile nilizisafisha mimi, na kama yule mama angeziangalia vizuri angeona kuwa ni fupi kuliko picha za kawaida, kwa sababu zimekatwa upande wa chini. Aliyezikata pia ni mimi. Idrisa, yule mwana aliyekuwa akizungumzwa, aliporudi kutoka makaburini akiwa na vumbi miguuni, nilimnong'oneza wanavyosema. Ndevu zake sasa ni nyeupe. "Waache, Aneth," akasema. "Leo waache tu."

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na simu yenye kamera ilikuwa bado kitu cha kuonyeshana. Aliyetaka picha alikuja studio. Yetu ilikuwa Kariakoo, chini ya jengo la ghorofa tatu, mkono mmoja duka la mabegi, mkono wa pili fundi cherehani. Mbele kulikuwa na kaunta ya kioo, kisha pazia, nyuma ya pazia kiti cha kuzunguka na kitambaa cha bluu kwa ajili ya picha za paspoti. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na humo mashine ya kusafishia picha ilinguruma kuanzia saa mbili asubuhi. Nilikula humo humo, wali maharage wa mama ntilie, nikiweka sahani mapajani ili mafuta yasifike kwenye negativu za filamu. Harufu ya dawa ilikaa kwenye nywele zangu hata Jumapili kanisani. Mwenye studio alikuwa Mzee Temu, mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, aliyevaa sweta hata katika joto la mwezi wa pili. Alinifundisha kazi bila kunigombeza hata siku moja. Nasema hili mapema kwa sababu nitakayoyaeleza baadaye hayamfanyi aonekane mtu mwema, na wema alikuwa nao.

Idrisa alikuwa fundi wa jenereta. Umeme ulipokatika, na mwaka ule ulikatika kila siku, ndiye aliyekuja kutuwashia letu. Alikuwa na kamera ndogo ya mtumba, akaniletea filamu zake nimsafishie, na zote zilikuwa za mchana: rafiki zake wamesimama barabarani, nyuso nyeusi tii, mashati yameungua kwa mwanga. Siku moja nilimwambia, "Jua la saa sita linakula kila kitu. Piga alfajiri, jua likiwa chini kabisa. Saa hiyo hata jiwe dogo lina kivuli chake." Akacheka, akasema alfajiri yeye yuko usingizini. Miezi miwili baadaye alikuja kupiga paspoti. Alikuwa amepata kazi kwenye machimbo ya dhahabu, jangwani, kaskazini mwa Afrika. Nchi yenyewe sitaitaja. Ina watu wengi waungwana, na mmoja wao ndiye aliyezitoa filamu nje.

Aliyempatia kazi alikuwa Bwana Sudi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili juu yetu, na kila wiki alishuka na vijana wanne, watano, tuwapige picha. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na nguo zilizopigwa pasi, hakumwita mtu "wewe". "Mpige vizuri mwanangu huyu," angeniambia, akimnyoosha kijana kola kama baba mzazi. Wateja wengine walianza kupungua, lakini vijana wa Bwana Sudi hawakupungua. Kila mmoja pale studio alijua kuwa bila yeye tungefunga.

Filamu ya kwanza ilifika kabla ya Ramadhani. Mfanyabiashara mmoja wa vitambaa wa mtaani kwetu, aliyekuwa akienda nchi ile kununua mali, alipewa na dereva wa lori la maji la kule machimboni. Bi. Zuhura aliileta ndani ya soksi. Alikuwa akikaanga samaki soko la Feri, na siku zote alikuja na kitu kwenye gazeti: vibua, mihogo, pilipili na kipande cha ndimu. "Shikamoo mama," nilimwambia. "Marahaba mwanangu. Mwenzio kaleta kitu, sijui ni nini. Barua anaandika mistari miwili tu, mimi mzima, kazi nzuri. Na bahasha inakuja imeshafunguliwa." Nilimkalisha kwenye kiti cha kuzunguka nikaingia ndani. Picha zilipoanza kutoka kwenye mashine nilisahau kula. Zote zilikuwa za jangwa, zote za alfajiri. Mchanga umelala kama kanga iliyoanikwa ikaanguka, upande mmoja wa kila kilima unawaka, upande wa pili wa buluu. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Bi. Zuhura alizishika moja moja kwa ncha za vidole ili asizipake mafuta. "Kumbe jangwa lina rangi hivi," akasema. "Nami nilidhani mwanangu yuko mahali pabaya." Nilijisikia fahari, kana kwamba nimezipiga mimi.

Filamu ya pili ilikuja baada ya Idi. Nilipoilaza juu ya meza ya taa niliona kwanza kwamba Idrisa amesimama mahali pale pale pa mwanzo. Vilima vile vile, mwamba ule ule wenye umbo la nundu. Nikaona na vitu ambavyo sikuvikumbuka, chini ya picha, karibu na kona: viinuko vidogo, virefu, vyote vimelala upande mmoja, kila kimoja na kivuli chake. Niliweka kioo cha kukuzia machoni. Vilikuwa vinane. Nikatoa negativu za kwanza kwenye faili, nikatafuta picha ya mwamba, nikahesabu. Vilikuwapo hata mara ile, nami sikuviona, kwa kuwa nilikuwa natazama rangi. Vilikuwa vitatu. Mashine iliendelea kunguruma. Nje ya pazia nilimsikia Bwana Sudi akimwambia Mzee Temu kwamba wiki ijayo atakuwa na vijana saba, na Mzee Temu akimjibu waje mapema, kabla umeme haujakatika.

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta sababu ya nilichokifanya, na sababu zote ni za kweli: nilikuwa binti wa kuajiriwa, sikuwa na uhakika, huenda ni mafungu ya kokoto, nitamwambiaje mama wa watu. Lakini mikono yangu haikungoja sababu. Nilichukua zile picha nne ambamo viinuko vilionekana, nikaziweka kwenye kikatio, nikashusha kisu. Vipande vya chini vikaangukia kwenye kapu la taka, vyembamba kama utepe. Mzee Temu aliingia akazitazama mezani. Akatazama na kapu. Alivua miwani akaifuta kwa sweta. "Umekata vizuri," akasema. "Picha imetulia." Akatoka. Ndipo nilipojua kwamba naye ameona.

"Mbona hizi fupi?" aliuliza Bi. Zuhura jioni ile.

"Karatasi ndivyo ilivyo, mama. Zimekuja za saizi hiyo."

"Haya. Bora zinaenea kwenye fremu." Akaniachia samaki wangu kwenye kaunta. Nilishindwa kumla, nikampa fundi cherehani.

Wiki iliyofuata wakaja wale saba. Mmoja aliitwa Deogratias, Deo, mwana wa mama aliyeuza ndizi sokoni, kule chini ya ardhi tunakokuita Shimoni. Tulikuwa tunasali kanisa moja, yeye akiimba besi. Alikaa kwenye kiti akashindwa kutulia, kila nikiinua kamera anafumba macho, na wenzake nyuma ya pazia wanamcheka. "Da Aneth, nivumilie," akasema. "Sijazoea kutazamwa." Nilimsogelea kumnyoosha kidevu. Tulikuwa wawili tu upande ule wa pazia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, nikanusa sabuni ya kufulia kwenye shati lake, na maneno yalikuwa yamekwisha kujipanga mdomoni: Deo, usiende. Maneno mawili. Nikasema, "Deo." Akasema, "Naam?" Pazia likafunguka, Bwana Sudi akaingiza kichwa, akatabasamu. "Kuna tatizo, mwanangu?" Sijui alikuwa akiniuliza mimi au Deo. "Hakuna," nikajibu. "Deo, inua kidevu." Nikabonyeza. Safari hii hakufumba macho.

Walisafiri Alhamisi. Nilianza kuota usingizini kwamba nahesabu, asubuhi naamka sijui nimefika ngapi. Kanisani nilikaa upande ambao sitamwona mama yake. Nikimwona Bi. Zuhura anakuja kwa mbali na gazeti lake mkononi nilijifanya nina kazi ndani, na Mzee Temu alinisaidia kusema uongo: yuko kwenye dawa, mama, hawezi kutoka. Hatukuzungumza juu ya kikatio hata mara moja. Tuliongea sana mambo mengine, mvua, bei ya karatasi, mpira, kama watu waliogombana na wanaogopa kimya.

Filamu ya tatu ililetwa na mfanyabiashara mwenyewe. Hakukaa. "Dereva wa maji amefukuzwa," akasema, "kwa hiyo hii ni ya mwisho. Na mwambie mama yake huyo fundi, mimi sijabeba kitu." Niliisafisha asubuhi hiyo hiyo, mlango nimeufunga kwa ndani. Picha zote thelathini na sita zilikuwa za mahali pamoja. Hakuhangaika tena na vilima wala rangi. Alikuwa ameshuka karibu, jua limegusa ardhi, na vivuli vimenyooka hadi ukingo wa picha. Viinuko vilikuwa kumi na tisa. Kumi na nane vilielekea upande mmoja. Cha kumi na tisa, kilicho mbele kabisa, kilikuwa bado kibichi, mchanga wake mweusi zaidi, kimekaa upande mwingine, na kichwani kwake vyuma viwili vya nondo vilikuwa vimefungwa kwa waya kuwa msalaba.

Nilitoa picha kubwa, nzima, sita. Mzee Temu aligonga, nikamfungulia. Aliziangalia akiwa amesimama, muda mrefu. "Sisi tunapiga picha, Aneth," akasema. "Hatusafirishi watu." Nikamwambia, "Mzee, hawa wote tumewapiga sisi. Negativu zao zimo kwenye hilo faili." Aliweka mkono mlangoni. Haukuwa mkono wa kunizuia hasa; ulikuwa kama wa mtu anayetafuta pa kushika. "Ukitoka na hizo picha," akasema, "usirudi. Siwezi. Nina watoto wanasoma." Nilipita chini ya mkono wake. Nilisahau viatu vyangu vya kubadilisha na mwavuli, na sikuvifuata tena.

Nilimkuta Bi. Zuhura chumbani kwake, amerudi kutoka Feri, anajimwagia maji miguuni kwenye beseni. Picha zangu nne zilizokatwa tayari zilikuwa ukutani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamweleza yote, hata kikatio, hata uongo wa karatasi. Nilimpa zile kubwa. Sikuwa nimesema neno kaburi. Nilisema, "Mama, kuna vitu hapa chini, sijui ni nini." Alizisogeza dirishani. Kidole chake kilitembea kutoka kiinuko hadi kiinuko, taratibu, midomo ikicheza. "Hujui ni nini," akasema. "Wewe Mkristo, huwezi kujua. Hawa wamelazwa kuelekea kibla. Aliyewazika anajua kuzika." Akafika kwenye msalaba, akasimamisha kidole. "Na huyu ni wa kwenu." Kisha akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile tena. "Wiki ngapi, Aneth? Tangu ile filamu nyingine, wiki ngapi?" Nikasema tisa. Alinipiga kofi. Mkono wake ulikuwa na maji ya beseni. Halafu akajifunga kanga, akachukua picha, akasema, "Simama. Twende."

Ngazi za ofisi ya Bwana Sudi zilikuwa zimejaa vijana wanaongoja, bahasha za fomu mikononi, wengine wamekuja na wazazi. Bi. Zuhura alipanda bila kumwomba mtu njia. Ndani kulikuwa na benchi mbili, kalenda, na jagi la maji yenye barafu. Aliwainua watu wa benchi moja, akazipanga picha sita juu yake, akasema kwa sauti ya mtu anayeuza samaki, "Mwanangu amepiga hizi. Haya, hesabuni."

Bwana Sudi alitoka chumba cha ndani. Hakupandisha sauti. "Mama yangu, hayo ni mafungu ya kokoto. Machimbo yote ndivyo yalivyo."

"Kokoto gani hizo zinazolazwa kibla?"

Baba mmoja mzee aliinama hadi pua yake ikakaribia picha, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi na tatu wengine walikuwa wanahesabu naye. Bwana Sudi alinitazama mimi, si Bi. Zuhura. "Huyu binti ndiye mpiga picha wangu," akawaambia watu, akitabasamu. "Amewapiga ndugu zenu wote. Muulizeni kama alishawahi kusema neno." Macho yote yakageuka. Nikasema, "Ni kweli. Niliona mapema, nikanyamaza." Kilichofuata sikukitegemea: kijana mmoja aliyekuwa karibu na mlango alichana bahasha yake, akashuka ngazi. Kisha mwingine. Wazazi hawakushuka. Walikaa kwenye zile benchi, na siku ya pili wakaja wengi zaidi, wakakaa ngazini na uji wao kwenye chupa za chai, Bi. Zuhura akiwaletea samaki, mpaka watu wa serikali wakaja kuuliza kuna nini.

Ilichukua miezi minne. Walirudishwa watu kumi na mmoja. Bwana Sudi alikamatwa, akaachiwa, kesi ikaahirishwa na kuahirishwa hadi siku moja ofisi ile ikawa duka la nywele bandia. Idrisa alirudi amekonda, anakohoa, sikio moja halisikii. Ndiye aliyetueleza kwamba mashimo yalikuwa yakiporomoka kwa kuwa hakukuwa na mbao za kuyashikilia, na kwamba paspoti zao zilifungiwa kwenye sanduku. Yeye aliamka kabla ya walinzi kuwasha jenereta. Dakika zile ndizo alizopiga. Nilimuuliza kwa nini hakuandika hata neno moja nyuma ya barua. "Barua wanafungua," akasema. "Filamu hawawezi kusoma. Nikajua wewe utasoma. Si ulisema saa hiyo hata jiwe lina kivuli?" Alisema bila lawama, akinywa chai yake, na ningependa angeniambia kwa hasira. Kisha akaniambia wa msalaba ni nani. Nilikuwa nimeshajua. Deo alikaa kule siku ishirini na sita. Idrisa ndiye aliyezifunga zile nondo.

Padri alikuwa ameshampelekea mama yake Deo habari. Lakini kuna habari padri hakuwa nayo, nami nilishuka Shimoni kuipeleka. Hata mchana kule chini kulikuwa na giza la taa za umeme, maji sakafuni, harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mama Deo alikuwa anapanga mikungu. Nilimsalimu, akaitikia. Nilisimama mbele yake nikamwambia kwamba nilijua kabla mwanawe hajakaa kwenye kiti changu, kwamba nilimwita jina nikaishia hapo. Alinisikiliza akiwa ameshika kisu cha kukatia ndizi. Alipoona nimemaliza akasema, "Nenda." Nikaondoka. Kanisani alibadilisha ibada, akawa anasali ya kwanza, mimi ya pili. Mwaka ukaisha hivyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka mwingine alipomtuma mtu aje kuniita. Wakati huo nilikuwa nimeanza kupiga picha za harusi kwa kamera ya kuazima. Nilishuka asubuhi. Alikuwa amenitengea ndoo iliyogeuzwa chini juu, akaniashiria nikae. Wateja walikuwa wachache. Hakusema kuwa amenisamehe, wala sikumuuliza, hadi leo sijui.

"Wanasema una picha za pale alipo," akasema.

"Ninazo, mama. Nimekuja nazo."

"Sitaki kuziona. Macho yangu yataganda hapo. Niambie kwa mdomo. Pakoje?"

Nilimwambia. Nilimwambia kuhusu mwamba wenye nundu, vilima upande wa kushoto, mchanga ulivyo wa tangawizi upande mmoja na buluu upande wa pili. Nilimwambia jua linatokea wapi na linagusa nini kwanza. Sikukata kitu. Nilimweleza nondo, waya, na mchanga mbichi, na kwamba wenzake kumi na wanane wako nyuma yake, na kwamba yeye ndiye wa mbele. Alikuwa amefumba macho. Mteja mmoja alikuja akauliza ndizi, akaona tulivyo, akapita.

"Wenzake wako karibu?"

"Karibu, mama. Kama kutoka hapa hadi kwenye ile nguzo."

Alifumbua macho akaitazama nguzo, na kipande cha sakafu chenye maji kilichokuwa kati yetu nayo, akakipima kwa macho. "Si mbali," akasema. Akainuka, akafuta kisu kwenye kanga, akavuta mkungu mwingine. "Haya. Nishikie huku nikate."

Nikashika.